Lulu mbili za O-lan: juu ya utumwa na wivu katika hadisi mbili za China ya zamani

Nilipokuwa fratri katika seminari kubwa, nilikuta maktabani kitabu kimoja kilichochakaa kwa mikono ya wale waliokisoma mbele yangu. Ni kitabu cha Pearl Buck, ambacho sisi tunakijua kwa jina lake la kifaransa, « La Terre chinoise ». Nilikimaliza kwa siku tatu wakati wa likizo, nikakifunga na wazo moja moyoni: huyu O-lan, bibi wa mlimaji Wang Lung, ni mfano wa mwanamke mwema. Anatumika, anazaa, ananyamaza, anavumilia. Miaka michache baadaye, nikiwa padri kijana, nilimtaja katika mahubiri ya ndoa, mbele ya bibi arusi na jamaa zake. Kisha Misa mama mmoja mzee, mjane wa katekista, alinijia karibu na sakristia, akaniuliza kwa upole: « Padri wangu, yule mama wa China uliyetuhubiria, alikuwa bibi ao mtumwa? » Nikamjibu upesi kwamba alikuwa bibi wa ndoa. Akaitika: « Ndiyo, Padri », akaenda zake.

Swali lile halikuniacha. Nimekisoma kitabu tena, polepole, na pamoja nacho nimesoma hadisi nyingine ya China, « Épouses et concubines » ya Su Tong. Naandika haya kwa ndugu zangu mapadri, wafratri na wakatekista, nipate kuonyesha jambo moja. Tukisoma vitabu hivi kwa haraka, tutausifu unyamavu wa mtumwa kana kwamba ni fazila, na tutaulaumu wivu wa wanawake kana kwamba wao ndio waliouleta nyumbani.

1. Waandikaji, na desturi wanayosimulia

Pearl Buck alizaliwa Marekani mwaka 1892, lakini wazazi wake walikuwa wamisionari waprotestanti katika China. Alikomaa kule, akasema kichina tangu utoto. Alipoolewa alikaa miaka kadhaa kaskazini mwa jimbo la Anhui, katikati ya walimaji maskini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1931, naye alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1938. Su Tong ni Mchina mwenyewe, alizaliwa mwaka 1963 katika mji wa Suzhou. Wa kwanza aliandika juu ya watu aliokaa nao. Wa pili aliandika juu ya nyumba ambazo milango yake ilikuwa imekwisha kufungwa mbele yeye hajazaliwa.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu alioa bibi mkubwa mmoja tu, kwa sherehe zote za ukoo. Lakini mwenye mali aliweza kuongeza masuria, wawili, watatu na kuzidi. Suria hakuja kwa sherehe kama zile. Mara nyingi alinunuliwa. Watoto aliowazaa walihesabiwa kuwa wa bibi mkubwa, wakamwita yeye mama. Chini ya masuria walikuwa wasichana watumwa, ambao wazazi wao waliwauza wakiwa wadogo bado, zaidi katika miaka ya njaa. Serikali ya kifalme ilikataza biashara ya watu mwaka 1910, karibu na mwisho wake, lakini desturi haifi kwa karatasi moja. Sheria ya ndoa ya mwaka 1950 ndiyo iliyokataza usuria katika China ya bara. Katika Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza, usuria ulikatazwa mwaka 1971 tu.

Msomaji wa Biblia hatasema kwamba haya ni mambo ya wapagani wa mbali. Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha Sara na Agari, mtumwa wake, kisha Lea na Rakeli wakishindana kwa kuzaa, hata wakaingiza wajakazi wao Zilpa na Bilha katika mashindano hayo. Katika nyumba za mababu hao watakatifu vilevile, utumwa na wivu vilikaa chini ya hema moja.

2. Bei ya O-lan

Wang Lung ni maskini. Hawezi kulipa mali inayotakiwa kwa msichana huru. Anakwenda katika nyumba kubwa ya ukoo wa Hwang, anapewa mtumwa wa jikoni. Ni O-lan, aliyeuzwa na wazazi wake mwaka wa njaa alipokuwa na miaka kumi. Amekaa jikoni mule miaka kumi mingine, akipigwa kila siku. Tangu kufika kwa Wang Lung anatumika nyumbani na shambani. Anazaa peke yake, bila mkunga, na kisha kuzaa anarudi shambani.

Njaa inapowashika wanakimbilia kusini, katika mji mkubwa, wanaomba barabarani. Siku moja watu wanavamia nyumba ya tajiri. O-lan, aliyekuwa mtumwa wa matajiri, anajua wanaficha mali yao wapi. Anaondoa tofali moja ukutani, anapata vito vya bei kubwa. Kwa vito hivyo bwana yake atanunua mashamba, atakuwa tajiri. Sehemu kubwa ya utajiri wa Wang Lung imetoka katika mkono wa bibi yake. Naye anaomba kitu kimoja tu: abakize lulu mbili ndogo. Hazitaki kwa kuzivaa, anataka kuwa nazo tu. Bwana anashangaa, anamwachia.

Miaka inapita. Wang Lung ameshiba, na mafuriko yamemkataza kulima. Anaanza kwenda katika nyumba ya chai ya mjini, anampenda mwanamke anayeitwa Lotus. Anampelekea feza, anampelekea nguo, na siku moja anakumbuka zile lulu mbili. O-lan anafua nguo kando ya maji. Anadaiwa lulu. Anasema alifikiri kuziweka kwa binti yao mdogo. Bwana anamjibu kwa zarau. Basi anaingiza mkono kifuani, anazitoa, anampa, anarudi kupiga nguo kwa mti. Machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Katika mahubiri yangu nilisimama hapo. Nilisema: tazameni uvumilivu wake! Lakini sikutaja mambo matatu ambayo kitabu kinayasema wazi.

La kwanza: mwaka wa njaa O-lan alizaa mtoto mwanamke, na mtoto hakuishi. Bwana aliona alama mbili nyeusi shingoni mwa maiti ndogo ile, akanyamaza. La pili: walipokuwa wakiomba chakula mjini, O-lan alisema yuko tayari kumwuza binti yao mkubwa, bwana apate kurudi katika mashamba yake. Alijua vizuri utumwa ni nini, na kwa ajili yake mwenyewe asingekubali kamwe. Lakini kwa bwana yake angekubali. Wang Lung ndiye aliyekataa. Tumpe haki yake. La tatu: siku bwana alipoitazama miguu ya O-lan na kuichukia kwa ukubwa wake, alianza kuifunga miguu ya binti mdogo kwa vitambaa, kama desturi ya wakati ule, mpaka mtoto akalia kwa maumivu. Mama alimwambia asilie kwa sauti. Akamwambia tena kwamba asipofungwa miguu bwana yake hatampenda, kama vile baba yake asivyompenda mama yake.

Basi, ndugu, huo si uvumilivu wa watakatifu. Ni utumwa uliofundishwa vizuri hata mtumwa mwenyewe anaufundisha watoto wake. Simhukumu O-lan. Nani kati yetu amelala njaa kama yeye? Lakini mtu akisema kwamba unyamavu wake ni fazila, aseme pia nani aliyelipa bei ya unyamavu huo. Waliolipa ni mabinti zake watatu.

3. Wanne walionunuliwa

Sasa tuje kwenye wivu. Wang Lung anamleta Lotus nyumbani, na pamoja naye anakuja mtumishi wake, Cuckoo. Huyu Cuckoo zamani alikuwa mtumwa katika nyumba ya Hwang, mpendwa wa bwana mzee, na siku zile alimtesa O-lan wa jikoni. Leo wanakutana nyumba moja. O-lan hapigi kelele. Anakataa tu kuongeza maji motoni kwa ajili ya Cuckoo na bibi yake. Wang Lung anapomgombeza anajibu kwamba katika nyumba hii angalau yeye si mtumwa wa watumwa, kisha anamkumbusha bwana lulu zake mbili. Na Wang Lung, badala ya kujibu, anajenga jiko la pili.

Wasomaji wengi hucheka hapa. Wanasema: tazama wanawake, wanapigania maji ya moto! Lakini hesabuni watu wa nyumba ile. O-lan aliuzwa akiwa mtoto. Lotus amekaa katika nyumba ya chai, wanaume wakimlipia. Cuckoo alikuwa mtumwa wa kulala na mzee. Baadaye ataingia Pear Blossom, mtoto aliyenunuliwa mwaka mwingine wa njaa, na Wang Lung akiwa mzee atamfanya suria. Wanne wote, watu wamewalipia feza. Wanashindana juu ya jiko, juu ya ua, juu ya neno moja la bwana, kwa sababu hawana kingine cha kushindania. Hakuna hata mmoja anayeshindana na mnunuzi. Na mnunuzi anasumbuka kwa kelele, anafikiri amani itapatikana kwa ukuta mmoja zaidi.

Pearl Buck ameona jambo hili vizuri sana, tena amelisimulia bila kuhubiri. Wang Lung si mtu mbaya. Anaheshimu baba yake, anapenda udongo wake, anamtunza binti yake mkubwa ambaye akili yake haikukomaa. Hapo ndipo nguvu ya kitabu. Kama angekuwa mkali na mlevi, tungemlaumu yeye, na desturi ingepona. Lakini ni mtu kama sisi, na zuluma inapita katika mikono yake bila yeye kujisikia mkosefu.

4. Nyumba ya Su Tong

Katika « Épouses et concubines » hakuna mlimaji wala njaa. Kuna nyumba ya tajiri mmoja, Chen Zuoqian, na wanawake wanne. Wa nne ni Songlian, msichana wa miaka kumi na tisa aliyesoma shule, ambaye baba yake alifilisika na kujiua. Wa kwanza ni mzee, anashika tasbihi ya Wabuda. Wa pili, Zhuoyun, anacheka na kila mtu. Wa tatu, Meishan, alikuwa mwimbaji wa tamasha. Na kuna kijakazi, Yan'er, anayetumaini kwamba bwana atampandisha siku moja awe suria.

Songlian anakuta katika sanduku la Yan'er sanamu ndogo ya nguo iliyochomwa sindano, na juu yake jina lake mwenyewe. Lakini Yan'er hajui kuandika. Aliyeandika ni yule wa pili, mwenye kucheka. Mwishoni kijakazi anakufa kwa zarau na ukali wa Songlian. Meishan, aliyeonekana na mwanaume mwingine, anatupwa kisimani usiku. Songlian aliyeona hayo anarukwa na akili. Na mwaka unaofuata bwana analeta suria wa tano.

Filamu ya Zhang Yimou ya mwaka 1991 imeitangaza hadisi hii dunia nzima. Zile taa nyekundu zinazowashwa mlangoni kwa mwanamke aliyechaguliwa usiku ni za filamu. Katika kitabu hazimo. Lakini filamu imeongeza jambo moja lenye akili: uso wa bwana hauonyeshwi wazi hata mara moja. Tunasikia sauti yake, tunaona mgongo wake. Wanawake wanapigana mbele ya macho yetu, na yule wanayepigania hana uso. Katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya ndoa za wake wengi, sijaona maelezo mafupi na ya kweli kupita hayo.

Walakini Su Tong ana upungufu. Nyumba yake ni baridi. Hakuna mtu mule anayetenda tendo moja jema bila faida. Mwandikaji anatuonyesha namna mtego unavyofunga, kisha anaondoka. Msomaji anatoka akiogopa, lakini haoni njia. Sisemi mwandikaji alazimishwe kuleta malaika. Nasema tu kwamba haijapata kuwa kweli, hata katika nyumba mbaya kabisa, kwamba neema ya Mungu haikupata hata ufa mmoja wa kuingilia.

5. Majuto yasiyorudisha kitu

Ufa huo uko katika kitabu cha Pearl Buck, na hauko kwa O-lan. Uko kwa Pear Blossom. Wang Lung anapokuwa mzee anaogopa juu ya binti yake asiye na akili: nani atamlisha baada yake? Anampa Pear Blossom sumu, amnyweshe binti siku baba atakapokufa. Mtoto yule aliyenunuliwa anakataa. Anasema hawezi kuua, lakini atamchukua binti huyo awe wake. Hakuna aliyemwamuru, wala hakuna faida kwake. O-lan alivumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Pear Blossom amechagua. Mapendo yanaanza pale mtu anapochagua. Mwandikaji ameweka tendo hilo mikononi mwa yule wa chini kabisa katika nyumba, na sidhani ni kwa bahati.

Upungufu wa Pearl Buck ni mwingine. Hadisi nzima tunaisikia tukiwa ndani ya kichwa cha Wang Lung. O-lan tunamwona kutoka nje, kama bwana anavyomwona: uso mpana, mikono mikubwa, kinywa kilichofungwa. Msomaji mwanaume hukaa vizuri katika kiti hicho. Mimi nilikaa humo. Nilimsifu O-lan kwa maneno ambayo Wang Lung angemsifu nayo siku ya kumzika.

Maana O-lan anapokufa, Wang Lung anahuzunika kweli. Anazikumbuka lulu mbili, anatamani asingezichukua, tena hawezi kuvumilia kumwona Lotus akizivaa. Ukurasa huo ni mzuri, na wengi wanasema bwana ametubu. Lakini sisi tunaoketi katika kiti cha maungamo tunajua vizuri: aliyeiba hurudisha. Wang Lung hakuzirudisha kwa binti mdogo, ambaye mama yake alimwekea. Na baada ya miaka anakaa mwenyewe katika nyumba ya Hwang, ile iliyompiga O-lan, na yeye mwenyewe sasa ananunua watoto. Machozi yake ni ya kweli, lakini desturi haikuguswa.

6. Kwa sisi tunaobatiza

Mambo haya si ya hadisi tu. Wakati wa wamisionari wa kwanza wajezwiti, usuria ulikuwa kizuizi kikubwa kwa wasomi wa China waliotaka ubatizo. Li Zhizao, rafiki wa Matteo Ricci, alikawia miaka kwa ajili ya suria wake, akabatizwa mwaka 1610 alipokuwa mgonjwa sana. Yang Tingyun wa Hangzhou alikataliwa kwanza kwa sababu hiyohiyo. Suria wake ndiye aliyemzalia watoto wawili wanaume. Alimtenga, akabatizwa mwaka 1611, akawa nguzo ya Ekleziya ya China. Nilipofundishwa habari hii niliandika katika daftari langu: « sadaka kubwa ya Yang ». Leo naongeza swali pembeni: na yule mama wa watoto wawili, sadaka yake iliitwaje?

Mapadri wale walishika sheria ya Kristu juu ya ndoa moja, na sisi tunaishika. Lakini Ekleziya yenyewe imetufundisha kwamba kazi haiishi pale bwana anapochagua bibi mmoja. Kanuni 1148 ya kitabu cha Sheria za Ekleziya cha mwaka 1983 inamwagiza askofu wa pahali aangalie kwamba bibi wa kwanza na wengine walioachwa wapate mahitaji yao, kadiri ya haki, mapendo ya kikristu na usawa wa kibinadamu. Kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya wale wasio na uso katika hadisi zetu.

Basi, ndugu mkatekista, mtu mwenye bibi watatu anapokuja kuomba jina la mkatekumeni, usimwulize tu atabaki na nani. Mwulize wale wawili watakula nini, watalala wapi, na watoto wao watamwita nani baba. Mwulize tena ni nani aliyelima mashamba yale anayojivunia. Na wewe fratri, ukisikia kwamba bibi wawili wa kijiji wamepigana, usianze kwa kucheka. Tafuta kwanza nani aliyejenga jiko la pili.

Vitabu hivi viwili nawashauri mvisome. Cha Pearl Buck kwa wote. Cha Su Tong kwa wale waliokomaa, maana kina mambo ya chumbani ambayo kijana hana haja nayo. Lakini msivisome mkiwa mmekaa katika kiti cha Wang Lung.

Yule mama mjane ameaga dunia. Sikupata kumjibu tena. Kama angeniuliza leo, ningemwambia: « Mama, alikuwa mtumwa, akaitwa bibi. Nami nilisifu minyororo yake mbele ya bibi arusi. Uniombee. »